Kompyuta Isiyozimika Vizuri: Njia Nne na Namna ya Kuchagua Inayokufaa

Kompyuta ikigoma kuwaka, mwenyewe huipeleka kwa fundi siku hiyo hiyo; ikigoma kuzimika, huvumiliwa kwa miezi, kwa kuwa daima kuna kitufe cha kushikilia hadi umeme ukatike. Ndiyo maana tatizo hili huwafikia mafundi likiwa limeshakomaa, mafaili mengine yameharibika kwa kukatwa umeme kila jioni, na mwenye kompyuta hakumbuki tena lilianza lini wala baada ya kusakinisha nini.

Mashauri anayopewa ni mengi na yanapingana. Mmoja humwambia azime kipengele cha Fast Startup, mwingine humtaka aondoe programu moja moja, wa tatu hulaumu draiva, na wa nne, ambaye mara nyingi ndiye fundi mwenyewe, husema hakuna haja ya kuhangaika, kompyuta ipigwe Windows upya. Kila mmoja wao amewahi kuwa sahihi kwa kompyuta fulani, na ugumu ni kujua kama yako ndiyo hiyo. Makala haya yanazilinganisha njia hizo nne kwa ajili ya kompyuta zinazotumia Windows 10 na Windows 11. Majina ya menyu yameachwa kama yanavyoonekana kwenye skrini, kwa sababu kompyuta nyingi katika maofisi, shule na steshenari zetu zimewekwa kwa Kiingereza.

## Kompyuta huzimika kwa hatua

Mtu anapobofya "Shut down", Windows haikati umeme papo hapo. Kwanza huziomba programu zilizo wazi zijifunge, na ile isiyoitika hutajwa kwenye skrini kuwa inazuia uzimaji. Pili, mtumiaji akishatolewa, husimamisha huduma, yaani programu zinazofanya kazi chinichini bila kuonyesha dirisha lolote, na hizi kwa kawaida husubiriwa sekunde 5 tu kabla ya kulazimishwa. Tatu, kiini cha mfumo endeshi huandika kwenye diski data iliyobaki kwenye memori na kuzitaka draiva, zile programu ndogo zinazoiwezesha Windows kuzungumza na vifaa, ziviandae vifaa vyake kuzimwa. Hatimaye hutolewa amri ya kukata umeme kupitia ACPI, kanuni zilizochapishwa mwaka 1996 na kampuni za Intel, Microsoft na Toshiba, na bodi kuu ya kompyuta ndiyo inayoitekeleza. Waliotumia Windows 95 kwenye mashine za wakati huo watakumbuka kwamba hatua hii ya mwisho mara nyingi haikuwapo: skrini iliandika kuwa sasa ni salama kuizima kompyuta, na mtumiaji akabonyeza swichi kwa mkono wake. Tatizo lenyewe nalo si geni, kwani hata Windows 98 toleo la pili ilibidi itolewe nyongeza maalumu ya kurekebisha uzimaji.

Hatua hizi zina maana kubwa kwa anayechagua tiba, kwa sababu dalili huonyesha ni wapi pamekwama. Skrini ikikaa muda mrefu kwenye maandishi "Shutting down" huku kiduara kikizunguka, mashaka yaelekezwe kwenye huduma au draiva. Skrini ikiwa nyeusi ilhali feni bado inavuma na taa ya kitufe inawaka, Windows imeshamaliza kazi zake nyingi na kilichokwama ni draiva, BIOS (programu iliyomo ndani ya bodi kuu yenyewe) au amri ya mwisho. Kompyuta ikizimika kisha ikawaka yenyewe, ama kuna kifaa kinachoiamsha, ama imepatwa na hitilafu nzito dakika ya mwisho na Windows imejiwasha upya kama ilivyopangiwa. Hapa kuna jambo moja la kuliondoa njiani mapema: ikiwa inajiwasha pale tu unapochagua "Update and shut down", si ajabu kwamba kompyuta yako haina ubovu wowote. Chaguo hilo lilikuwa na hitilafu ya miaka mingi iliyosababisha kompyuta nyingi kuwaka upya badala ya kuzimika, na marekebisho yake kwa Windows 11 yalianza kutolewa Oktoba 2025.

Majaribio matatu mafupi yafanyike kabla ya kuchagua njia yoyote. Chagua "Restart" uone kama kompyuta inajizima na kuwaka upya bila shida. Kisha shikilia kitufe cha Shift kwenye kibodi huku ukibofya "Shut down". Mwisho, chomoa kila kitu cha USB, yaani printa, flashi, modemu, diski ya nje na hata kipanya, pamoja na waya wa mtandao, halafu zima tena. Majibu ya majaribio haya yana thamani kuliko maelezo marefu utakayompa fundi.

Kuna pia daftari la mfumo wenyewe. Fungua Event Viewer, ingia "Windows Logs" kisha "System", na utafute namba. Tukio namba 1074 hutaja programu au mtumiaji aliyeagiza kuzima. Namba 6006 huandikwa pale daftari hilo linapofungwa kwa utaratibu. Namba 6008 husema uzimaji uliopita haukutarajiwa. Na namba 41 ya Kernel-Power huandikwa kompyuta inapowaka baada ya kutozimika vizuri. Wengi huiona namba 41 wakadhani wamempata mkosaji, kumbe namba hiyo huripoti tu kwamba umeme ulikatika kabla ya wakati, iwe ni kwa kidole chako au kwa kukatika kwa umeme mtaani. Cha kusomwa ni matukio yaliyoandikwa dakika chache kabla yake.

Kuhusu kushikilia kitufe cha kuwashia, hiyo si tiba, ni huduma ya kwanza. Kwenye kompyuta nyingi sekunde 4 hutosha kukata umeme, na nyingine huhitaji hadi 10. Ipe kompyuta nafasi kwanza, walau robo saa, na uangalie taa ya diski kama inapepesa. Skrini ikisema masasisho yanaendelea, usiguse kitufe hata kama asilimia zimesimama kwa muda, kwa kuwa kukata umeme katikati ya kazi hiyo kunaweza kukuachia tatizo kubwa kuliko ulilokuwa nalo.

## Vigezo vya kulinganisha

Njia zote nne zimepimwa kwa maswali yale yale. La kwanza ni inalenga hatua ipi ya uzimaji, na kama itakujulisha chanzo au itakificha tu. La pili ni muda na gharama, ikiwamo data ya intaneti, ambayo kwa anayenunua vifurushi vya siku ni gharama halisi. La tatu ni hatari kwa mafaili, na urahisi wa kurudi ulipokuwa endapo mambo yatakwenda kombo. La nne ni aina ya mtu na kompyuta inayofaa.

## Njia ya kwanza: kuzima Fast Startup

Inalenga nini. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, "Shut down" haimaanishi tena kuzima kabisa. Windows hufunga programu na kumtoa mtumiaji, lakini hali ya kiini na ya draiva huihifadhi kwenye faili liitwalo hiberfil.sys, ili kesho iisome badala ya kuanza upya. Ndiyo sababu Task Manager huweza kuonyesha kwamba kompyuta imekuwa hewani kwa siku tisa ilhali mwenyewe anaapa huizima kila jioni. Draiva yenye kasoro ndogo huendelea kubeba kasoro hiyo siku hadi siku, na wakati mwingine hushindwa kujihifadhi, basi uzimaji hukwama hapo. "Restart" haitumii utaratibu huu, wala "Shut down" ya kushikilia Shift. Kwa hiyo kompyuta inayowaka upya vizuri na kuzimika vizuri kwa Shift, lakini ikakwama kwa uzimaji wa kawaida, imeshakutajia penye tatizo.

Ni lazima niseme wazi kwamba njia hii hulikwepa tatizo zaidi ya kulitatua. Draiva mbovu inabaki kuwa mbovu. Kilichobadilika ni kwamba haiombwi tena kufanya jambo linaloishinda. Kwa watumiaji wengi hilo latosha.

Muda na gharama. Dakika tano, bila data yoyote. Ingia Control Panel, "Power Options", "Choose what the power buttons do", bofya "Change settings that are currently unavailable", kisha ondoa alama kwenye "Turn on fast startup". Gharama yake hulipwa asubuhi: kompyuta yenye diski ya kuzunguka itachelewa kuwaka kwa kiasi utakachokihisi, ilhali yenye SSD haitakuonyesha tofauti kubwa.

Hatari. Karibu hakuna, na kurudisha ni kuweka alama ile ile. Wapo wanaopendelea amri ya powercfg /h off, ambayo huondoa Hibernate nzima (uzimaji unaohifadhi kwenye diski kazi iliyo wazi) pamoja na faili lake, na hivyo kurudisha nafasi kwenye diski, kwa kuwa faili hilo likiwa kamili huchukua takriban asilimia 40 ya memori. Hata hivyo, anayetumia kompyuta mpakato mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara afikirie kwanza, maana Hibernate ndiyo inayookoa kazi iliyo wazi betri inapokaribia kuisha.

Inamfaa nani. Yeyote ambaye jaribio la Shift limefaulu kwake, na hasa mwenye kompyuta yenye Windows na Linux pamoja, kwa sababu Fast Startup huiacha diski ya Windows katika hali ambayo Linux hukataa kuiandikia. Haimfai ambaye hata "Restart" inamkwamia. Huyo atapoteza dakika tano tu, lakini asitarajie muujiza.

## Njia ya pili: kuwasha kompyuta na huduma chache, kisha kumsaka mkosaji

Inalenga nini. Hatua ya kwanza na ya pili ya uzimaji. Badala ya kukisia, unaiwasha Windows ikiwa na huduma zake yenyewe tu, unaona kama inazimika, kisha unazirudisha nyingine kwa mafungu. Andika msconfig kwenye kisanduku cha kutafutia, nenda "Services", weka alama kwenye "Hide all Microsoft services", na ni baada ya hapo tu ubofye "Disable all". Kisha, kwenye Task Manager, zima zote zilizo chini ya "Startup apps", na uwashe upya.

Alama ile ya kuficha huduma za Microsoft isirukwe. Anayeisahau huzima nusu ya mfumo endeshi, akajikuta hana mtandao wala sauti, na sasa ana matatizo mawili.

Ikiwa kompyuta sasa inazimika bila kusita, mkosaji yumo katika ulizozizima. Rudisha nusu yake, washa upya, zima. Ikikwama, mkosaji yumo katika nusu hiyo. Isipokwama, yumo katika nusu iliyobaki. Kwa kugawanya hivi, huduma 16 humalizika kwa raundi nne, ilhali anayezijaribu moja moja huweza kufika kumi na ushei. Watuhumiwa wa kawaida ni programu mbili za kukinga virusi zinazogombana ndani ya kompyuta moja, programu ya printa ambayo printa yake ilishauzwa, programu za modemu za USB, zile zinazosawazisha mafaili na intaneti huku mtandao ukiwa dhaifu, na vile vijiprogramu vya kufungulia leseni za bandia, ambavyo hukaa chinichini kama huduma na ambavyo mwenye kompyuta huona haya kuvitaja.

Njia hii ndiyo pekee kati ya nne inayokupa jina la mkosaji. Ukilipata, unaweza kuisasisha programu hiyo au kuiondoa, na kila kingine kikabaki kama kilivyo. Hata ikishindwa inafundisha: kompyuta inayokwama ikiwa na huduma za Microsoft peke yake, na ikakwama pia katika Safe Mode (Windows ikiwashwa na draiva na huduma za lazima tu), haina tena sababu ya kulaumiwa kwa programu ulizosakinisha.

Muda na gharama. Fedha hakuna na data hakuna, ila muda ni mwingi. Kila raundi ni kuwasha na kuzima, na kama kompyuta hukwama kwa dakika kumi kabla hujaikatia umeme, jioni nzima inaweza kwenda. Tatizo linalotokea mara moja kwa wiki hufanya njia hii iwe ngumu zaidi, kwa kuwa utalazimika kuishi na kila fungu kwa siku kadhaa kabla ya kulitolea hukumu.

Hatari. Ndogo, na yote hurudishika: huduma kwa kuchagua "Normal startup" ndani ya msconfig, na zile za "Startup apps" kwa kuziwasha tena kwenye Task Manager. Ila programu ya kukinga virusi ikizimwa, ni busara kujitenga na mtandao hadi irudi. Kompyuta ya kazini yenye kusimamiwa na ofisi haitakuruhusu kubadilisha haya bila msimamizi, na usijaribu kuzunguka.

Inamfaa nani. Mtu mvumilivu mwenye kalamu na karatasi, ambaye kompyuta yake ina programu nyingi zilizokusanyika kwa miaka na ambazo kuzisakinisha upya ni mzigo. Duka lenye programu ya hesabu na ya kutolea risiti za kodi lianzie hapa kabla ya kukubali Windows ipigwe upya.

## Njia ya tatu: draiva na BIOS

Inalenga nini. Hatua ya tatu na ya nne. Mfano unaoeleza njia hii vizuri ni wa mwaka 2015, baada ya Windows 10 kutoka. Kompyuta mpakato nyingi zilianza kuonyesha dalili moja: skrini inazimika, feni na taa zinabaki, na betri inaliwa usiku kucha ndani ya begi. Chanzo kwa nyingi kati ya hizo kilikuwa draiva ya Intel Management Engine, kijisehemu ambacho watumiaji wengi hawajawahi kukisikia. Windows Update ilikuwa imeleta toleo la 11 la draiva hiyo kwenye mashine zilizotengenezewa toleo la 9 au la 10, na tiba ikawa kurudi kwenye toleo la zamani kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta. Hapo ushauri wa kawaida wa kusasisha kila kitu ungekuwa ndio sumu yenyewe, na kupiga Windows upya kusingesaidia, kwa sababu Windows Update ingeileta tena draiva ile ile.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kama tatizo lilianza baada ya sasisho. Likiwa limeanza hivyo, Device Manager ina kitufe cha "Roll Back Driver" ndani ya sifa za kila kifaa. Likiwa la siku zote, nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji, weka modeli kamili ya kompyuta, na uchukue draiva za chipseti, kadi ya video na mtandao zilizoandikiwa modeli hiyo. Skrini ya bluu yenye maneno DRIVER_POWER_STATE_FAILURE wakati wa kuzima ni ushahidi wa moja kwa moja kwamba uko mahali sahihi. Kompyuta inayojiwasha yenyewe nayo huhesabiwa hapa: amri ya powercfg /lastwake inaweza kukutajia kifaa kilichoiamsha kutoka usingizini, na ndani ya BIOS kuna mipangilio kama "Wake on LAN", unaoruhusu kompyuta iwashwe kupitia waya wa mtandao, pamoja na ule unaoiagiza kompyuta iwake kila umeme unaporudi. Anayeishi kwenye mgao wa umeme akakuta kompyuta ya mezani imewaka saa nane za usiku, aukague mpangilio huo kabla ya kulaumu chochote. Kompyuta za mtumba, zilizokwisha kutumika katika ofisi za nje, zinaweza kuja na mipangilio ya namna hii ikiwa tayari imewashwa, na nyingine BIOS yake imefungwa kwa nywila ambayo muuzaji haijui.

Muda na gharama. Saa moja au mbili, na data ya kupakua draiva, ambayo kwa kadi ya video peke yake inaweza kupita megabaiti mia kadhaa. Programu zinazotangazwa kwamba husasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja ziepukwe. Huchagua kwa kukisia, na baadhi huja na matangazo au mabaya zaidi.

Hatari. Kwa draiva ni ya wastani na hurudishika. Kwa BIOS ni kubwa: umeme ukikatika katikati ya kuiandika upya, kompyuta inaweza isiwake tena bila kifaa maalumu cha fundi. Kompyuta mpakato iwe na betri iliyojaa na chaja ikiwa imechomekwa, na ya mezani iwe kwenye UPS inayofanya kazi kweli. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, sitisha ulinzi huo kwanza na uhakikishe unao ufunguo wa urejeshi wenye tarakimu 48, ambao kwa kompyuta za binafsi mara nyingi huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft. Wapo waliopoteza mafaili yao yote hapa, si kwa kuharibika, bali kwa kukosa ufunguo.

Inamfaa nani. Mwenye skrini nyeusi na feni inayoendelea, mwenye kompyuta inayojiwasha, na aliyeona tatizo likianza baada ya sasisho. Draiva anaweza kuzishughulikia mwenyewe. BIOS aiache kwa anayejiamini, tena kwa sababu maalumu, si kwa kujaribu bahati.

## Njia ya nne: kuikarabati Windows au kuipiga upya

Inalenga nini. Mfumo endeshi wote kwa pamoja. Neno hili moja la "kupiga Windows" hubeba mambo yenye uzito tofauti, na wateja wengi hukubali lililo zito bila kujua kwamba lipo jepesi. Jepesi kabisa ni kukagua mafaili ya mfumo kwa amri mbili, DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth kisha sfc /scannow. Linalofuata ni kusakinisha Windows juu ya iliyopo kutoka kwenye faili la ISO, au kwenye Windows 11 ya karibuni kutumia "Fix problems using Windows Update". Programu na mafaili vyote hubaki. Kisha ipo "Reset this PC", ambayo hata ukichagua "Keep my files" huondoa programu ulizosakinisha. La mwisho ni kufuta diski na kuanza upya kwa flashi.

Kwa uponyaji, njia hii ina nguvu kwa tatizo lolote lililo ndani ya Windows, hata lile ambalo hakuna aliyeweza kulitaja. Kwa elimu, haikupi chochote: kompyuta ikipona hutajua ilikuwa na nini, na ukirudisha programu zile zile unaweza kulirudisha tatizo wiki ijayo. Draiva mbovu na BIOS mbovu hazijali kama Windows ni mpya. Ndiyo maana kabla ya kufuta chochote inafaa kuiwasha kompyuta kwa flashi ya Linux isiyohitaji kusakinishwa, kisha kuizima kutokea huko. Ikikwama hata hapo, Windows haina hatia.

Muda na gharama. Ukarabati mwepesi ni chini ya saa moja. Kupakua Windows kutoka kwenye mtandao kwa "Cloud download" huweza kula zaidi ya gigabaiti 4, na baada ya hapo huja masasisho na programu zako zote. Kwa fundi kuna malipo yake, ingawa flashi yake humwokolea mteja data. Leseni halali ya Windows kwa kawaida hujitambua upya yenyewe kwa kuwa imefungamana na bodi kuu. Ya programu nyingine haina dhamana hiyo.

Hatari. Kubwa kuliko zote kwa mafaili. Nakala ya akiba iwekwe kwenye diski ya nje, tena ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine ili kuhakikisha inasomeka, kabla fundi hajagusa kitu. Fundi naye aulizwe kwa maneno wazi kama atahifadhi programu au la.

Inamfaa nani. Kompyuta iliyokatiwa umeme kwa miezi na ambayo sasa ina matatizo mengine pia. Iliyowahi kuingiwa na virusi. Iliyonunuliwa mtumba ikiwa na Windows isiyojulikana ilikotoka. Vilevile mwenye Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025: kama mashine yake inakubali Windows 11, ni afadhali kazi hii ifanyike mara moja kwa toleo jipya.

## Vipi kuhusu njia za mkato za Registry?

Hutokea mtu akashauriwa kupunguza muda ambao Windows huzisubiri programu na huduma, kwa kuingia Registry, yaani hifadhi ya mipangilio ya ndani ya Windows, na kubadilisha WaitToKillServiceTimeout au kuwasha AutoEndTasks. Sikuiweka miongoni mwa njia, kwa sababu haiondoi kinachokwamisha. Huifanya Windows iue programu kabla haijamaliza kuhifadhi, na kwa mwenye hifadhidata ya mauzo hilo ni hasara. Kinachofaa kuangaliwa humo ni ClearPageFileAtShutdown. Ikiwa thamani yake ni 1, Windows huifuta memori ya kwenye diski kila inapozimika, na uzimaji huchelewa kwa makusudi. Baadhi ya ofisi huwasha mpangilio huo kwa ajili ya usalama, kwa hiyo uliza kabla ya kuubadilisha.

## Kwa hali yako

Kama "Restart" na Shift hufanya kazi, anza na njia ya kwanza na uishi nayo wiki moja. Ukiona kompyuta imetulia, ni wewe kuamua kama unataka kuitafuta draiva iliyokuwa ikikwama au kama una kazi nyingine za kufanya.

Kama skrini inaonyesha "Shutting down" bila mwisho na kompyuta ina programu za kazi usizoweza kuzipoteza, njia ya pili ndiyo ya kuanzia, hata kama ni ndefu. Mwanafunzi ambaye kompyuta yake haina zaidi ya kivinjari na programu ya kuandikia, na ambaye mafaili yake yote yanaingia kwenye flashi moja, anaweza kuiruka na kwenda kwenye ukarabati mwepesi wa njia ya nne bila kukosea.

Skrini nyeusi na feni isiyokoma humpeleka mtu kwenye njia ya tatu moja kwa moja. Kompyuta inayojiwasha nayo vivyo hivyo, ila aanze kwa kuchomoa waya wa mtandao na vifaa vya USB, kwa sababu hilo halina gharama.

Shule au ofisi yenye kompyuta nyingi za aina moja ilinganishe kwanza. Zikigoma zote katika wiki moja, tafuteni sasisho au draiva ambayo zote ziliipata kwa pamoja. Ikigoma moja, mkosaji ana uwezekano mkubwa wa kuwa kitu kilichomo ndani ya hiyo peke yake. Msimamizi mwenye picha ya diski (nakala kamili ya Windows pamoja na programu zake) iliyoandaliwa tayari ataona njia ya nne ni ya dakika chache, jambo ambalo kwa mtumiaji wa nyumbani ni kazi ya siku nzima.

Ipo hali moja ambayo hakuna kati ya njia hizi nne inayohusika: kompyuta isiyokubali kuzimika hata kitufe kikishikiliwa kwa sekunde 10 na zaidi, au iliyokwama pia ulipoizima kutoka Linux ilhali BIOS yake haina kasoro. Hapo kagua kama kitufe chenyewe kimenasa, chomoa chaja, na kama betri inatolewa itoe, kisha umpelekee fundi wa vifaa mwenye mita na chuma cha kulehemu, ukimwambia mapema kwamba Windows haihitaji kuguswa.